Tasnifu ya Shahada ya Kwanza Uganda: Mwongozo Kamili Kuanzia Swali Hadi Nakala Iliyojalidiwa

Mwanafunzi anayekosa mahafali kwa sababu ya tasnifu mara nyingi utamkuta alishafaulu masomo mengine yote. Mitihani ameimaliza, ada ameilipa, wenzake wanapima majoho, naye bado anahangaika na sura ya nne. Ukikaa naye ukafuatilia mkwamo ulikoanzia, utafika hadi siku aliyochagua mada: ilikuwa pana kuliko muda wake, kuliko mfuko wake, na ilihitaji watu ambao hakuwa na njia ya kuwafikia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanywa kabla ya dodoso la kwanza kujazwa.

Nawaandikia wanafunzi wa shahada ya kwanza walioko Uganda wanaosoma Kiswahili: Waganda wenyewe, Wakenya na Watanzania waliokuja kusoma Kampala, Mukono na Mbale, na ndugu zetu Wakongo ambao wengi wao walipitia shule za makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho, yaani utafiti kuhusu nyanya zinazoharibika mikononi mwa wauzaji wa rejareja katika soko la Kalerwe, Kampala. Wewe weka mada yako mahali pake.

Hatua ya 1: Tafuta masharti ya idara yako

Makerere, Kyambogo, Mbarara, Gulu, Busitema, chuo cha Kikristo cha Mukono na chuo cha Kiislamu cha Mbale vinakaribiana kwa umbo la tasnifu, lakini kila kitivo kina masharti yake kuhusu idadi ya kurasa, mtindo wa marejeleo, rangi ya jalada, idadi ya nakala na tarehe za mwisho. Mwombe mratibu wa utafiti wa idara waraka wa masharti hayo, usiyachukue kwa mwenzako wa kitivo kingine. Sura tano (utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, kisha mjadala na mapendekezo) ndilo umbo la kawaida katika elimu, biashara na sayansi za jamii. Wahandisi na watu wa kompyuta hujenga kitu, kwa hiyo ripoti zao hufuata usanifu, ujenzi na majaribio; yale nitakayosema kuhusu dodoso hayatawagusa sana, lakini mengine yote yanawahusu.

Angalia pia utafiti una krediti ngapi. Makerere, wastani wa alama (CGPA) wa 4.40 hadi 5.00 ni daraja la kwanza, na 3.60 hadi 4.39 ni daraja la pili la juu. Anayeingia mwaka wa mwisho akiwa na 4.35 anaweza kuvushwa au kubakizwa na alama ya kazi hii moja.

Hatua ya 2: Punguza swali mpaka lijibike

Mada za mwanzo huwa za aina hii: "Athari za upotevu wa mazao baada ya mavuno kwa uchumi wa Uganda." Hiyo ni kazi ya wizara na Shirika la Takwimu, UBOS, lenye magari na mamia ya wadadisi. Wewe una muhula mmoja au miwili, nauli ya kuazima na masomo mengine pembeni.

Ipunguze kwa kuuliza maswali mafupi. Zao gani? Nyanya. Zinaharibikia wapi: shambani, njiani au sokoni? Sokoni, kwa muuzaji wa rejareja. Soko gani? Kalerwe, kwa sababu ni karibu na unaweza kurudi kesho ukisahau kitu. Sasa swali linasomeka: "Ni sehemu gani ya nyanya wanazonunua wauzaji wa rejareja wa Kalerwe huharibika kabla ya kuuzwa, na ni mambo gani yanahusiana na upotevu huo?" Limekuwa dogo, na bado lina uzito, maana nyanya zinazotupwa ni mtaji wa mama anayesomesha watoto kwa meza moja ya sokoni.

Kisha lipime. Watu wenye jibu unaweza kuwafikia kwa matatu (basi dogo la abiria) moja au kwa miguu? Jibu linaweza kupimwa, kuhesabiwa au kusimuliwa na mtu aliyelishuhudia? Ukifika uwandani ukakuta hali ni kinyume na ulivyodhani, bado utakuwa na cha kuandika? Swali ambalo tasnifu yake inafaulu kwa jibu moja tu ni la hatari, kwa kuwa litakusukuma kulitafuta jibu hilo kwa nguvu.

Hapa nisisitize jambo linaloangusha watu wengi siku ya kutetea. Vyuoni kwetu tunapenda mada zinazoanza na "Athari za jambo fulani kwa jambo fulani." Lakini ukienda sokoni mara moja na dodoso, huwezi kuonyesha kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile. Ukikuta wauzaji wenye meza za kivulini wanapoteza nyanya chache, huenda kivuli kinasaidia. Huenda pia wenye meza za kivulini ndio wenye mtaji, wanaonunua nyanya bora tangu mwanzo. Utafiti wa mara moja unaonyesha uhusiano, hivyo andika "mambo yanayohusiana na", na utakuwa umejiepusha na swali ambalo jopo hulipenda sana.

Hatua ya 3: Msimamizi

Msimamizi wako ana wanafunzi wengine wengi, ana vipindi, na pengine ana utafiti wake mwenyewe. Atakusaidia zaidi ukimrahisishia kazi. Usiende ofisini kwake mikono mitupu kuuliza "Daktari, nifanyeje?" Nenda na ukurasa mmoja wenye swali, mahali, watu utakaowahoji na mambo mawili unayotaka ayaamue. Ukitoka, mwandikie barua pepe fupi siku hiyohiyo: tulikubaliana hili na hili, nitaleta sura ya kwanza tarehe fulani. Barua hizo zitakulinda miezi ikipita na mmoja wenu akasahau.

Akikurudishia kazi imejaa wino mwekundu, tengeneza jedwali la safu mbili: alichosema, na ulichofanya pamoja na ukurasa. Usipokubaliana na maoni yake, eleza sababu kwa adabu ndani ya jedwali hilo. Wasimamizi wengi hulipokea hilo vizuri kuliko maoni yanayorukwa kimyakimya. Ikiwa hapatikani kabisa, barua pepe kadhaa hazijajibiwa na mlango umefungwa, mwandikie mratibu wa utafiti mapema, ukiambatisha ushahidi wa barua zako. Ukisubiri wiki ya mwisho, idara haitakuwa na la kukufanyia.

Hatua ya 4: Soma ukiwa na jedwali mkononi

Anza na hazina za kidijitali za vyuo vya Uganda. Makerere ina hazina ya tasnifu za wanafunzi ambayo unaweza kuifungua ukiwa chumbani. Zisome tasnifu za waliokutangulia uone zilivyojengwa, ila usidhani kila iliyopita ni nzuri. Makala za kitaaluma zitafute Google Scholar na African Journals Online. Pia mwulize mkutubi kuhusu majarida yanayolipiwa na chuo, maana wanafunzi wengi humaliza miaka 3 bila kujua kwamba chuo kimekwisha kuwalipia. Takwimu za nchi zichukue UBOS. Sensa ya 2024, kwa mfano, ilihesabu watu takribani milioni 45.9, na tasnifu inayonukuu sensa ya 2014 kana kwamba ndiyo ya mwisho inaonekana imechakaa.

Kwa kila andiko jaza mstari mmoja wa jedwali: nani, mwaka, wapi, alitumia mbinu gani, alipata nini, hakugusa nini. Ukifikisha mistari ishirini au zaidi utaanza kuona pengo. Pengine wengi walipima upotevu shambani na njiani, wachache wakamfuata muuzaji wa meza. Hapo ndipo kazi yako inapoingia. Mapitio ya maandiko yaliyopangwa kwa hoja husomeka. Yale ya "Fulani alisema hivi, naye Fulani alisema vile" hadi ukurasa wa thelathini humchosha mtahini.

Tumia Zotero kutunza marejeleo tangu siku ya kwanza. Ni programu ya bure na itakuokoa usiku wa mwisho.

Hatua ya 5: Andika pendekezo la utafiti

Sura ya kwanza ina usuli, tatizo, lengo kuu, malengo mahususi, maswali, mawanda na umuhimu. Usuli usianzie enzi za ukoloni wala usizunguke dunia nzima. Tatizo ndilo moyo wa pendekezo, na linatosha kwa aya mbili tatu: hali ilivyopaswa kuwa, hali ilivyo pamoja na ushahidi, nani anaumia, na ni kipi hakijulikani mpaka sasa. Kama tatizo lako halina hata takwimu moja wala andiko moja la kulishikilia, bado ni dukuduku lako binafsi. Rudi hatua ya 4.

Malengo mahususi matatu yanatosha kabisa. Kwa mfano wetu: kukadiria sehemu ya nyanya inayoharibika, kubainisha mambo yanayohusiana na upotevu huo, kueleza mbinu ambazo wauzaji wenyewe hutumia kuupunguza. Sasa chukua karatasi, uandike kila lengo na pembeni yake nani atakupa jibu, kwa chombo gani, kwa maswali namba ngapi, na utalichambuaje. Lengo la kwanza linahitaji vipimo vya mizani na dodoso, la pili dodoso na ulinganisho wa makundi, la tatu mahojiano marefu na watu wachache. Swali la dodoso lisilotumikia lengo lolote liondolewe, na lengo lisilo na swali liandikiwe maswali au lifutwe.

Fanya jambo moja zaidi ambalo wengi huliruka: chora majedwali matupu ya sura ya nne sasa hivi, kabla ya kwenda uwandani. Vichwa vya safu viwepo, tarakimu zisiwepo. Ukishindwa kuyachora hujajua unatafuta nini, na ni heri ulijue hilo leo.

Sampuli, yaani wale utakaowahoji kwa niaba ya wote, huwatia watu hofu bila sababu. Tuseme orodha ya uongozi wa soko ina wauzaji 120 wa nyanya. Kanuni ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli inasema gawanya idadi yote kwa 1 ukijumlisha na idadi hiyo mara mraba wa kosa linalokubalika. Kwa kosa la asilimia 5, 120 inagawanywa kwa 1.3, unapata 92.3, basi wahoji 93. Jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 linakupa 92 kwa idadi hiyohiyo. Kwa watu 200 jedwali hilo linasema 132, na kwa 1,000 linasema 278, kwa hiyo usipanue eneo bila kufikiria ni nani atakayeyajaza madodoso hayo. Kisha eleza utakavyowachagua. Ukiwa na orodha, piga kura ya majina. Usiandike "usampulishaji nasibu" halafu ukahoji yeyote uliyemkuta amekaa. Kama huna orodha, sema wazi kwamba ulihoji waliopatikana, na ukiri kinachopungua kwa njia hiyo.

Ratiba na bajeti ziwe za kweli. Weka nauli, kuchapa, salio la simu, posho ya mkalimani, na wiki mbili za ziada za mambo yasiyotarajiwa. Mvua kubwa za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hufunga njia za udongo, hasa ukienda milimani upande wa Bududa au Kasese. Sokoni huleta matope, na zaidi ya hapo hubadilisha kiwango chenyewe cha nyanya zinazooza. Taja msimu uliopimia.

Hatua ya 6: Ruhusa na maadili

Uganda, utafiti unaohusu watu unasimamiwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, lililoundwa 1990, ambalo huzipa ithibati kamati za maadili zilizoko vyuoni na hospitalini. Mwulize mratibu tafiti za shahada ya kwanza za idara yako hupitia njia gani. Wanafunzi wa tiba, uuguzi na afya ya jamii wasifikirie kabisa kuiruka kamati ya maadili, na waombe mapema kwa sababu majibu ya kwanza huwa ni maswali na masahihisho.

Utahitaji barua ya utambulisho ya idara yenye muhuri. Sokoni ipeleke kwa uongozi wa soko. Kijijini kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Shuleni kwa mwalimu mkuu baada ya ofisi ya elimu ya wilaya. Hospitalini kwa mkurugenzi au afisa wa afya wa wilaya. Anayetaka kuingia makazi ya wakimbizi, hata kama ndiko alikokulia, anahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Piga nakala kadhaa, maana kila ofisi itataka kubaki na moja.

Ridhaa ni mazungumzo kabla ya kuwa saini. Mweleze mtu wewe ni nani, unatafuta nini, itachukua dakika ngapi, jina lake halitaandikwa, anaweza kukataa au kuacha katikati bila kudhurika, na kwamba hapati malipo. Asiyesoma asomewe kwa lugha yake mbele ya shahidi, kisha aweke dole gumba. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida anahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe pia akubali. Tangu 2019 Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi: namba za simu na picha za watu ulizokusanya hazipaswi kuzagaa kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Hatua ya 7: Dodoso, tafsiri na jaribio

Dodoso litapitishwa kwa Kiingereza, lakini muuzaji wa Kalerwe atakujibu kwa Luganda. Ukilitafsiri papo hapo kichwani, kila mtu atakuwa ameulizwa swali tofauti. Mpe mtu mmoja alitafsiri kwa maandishi, kisha mwingine ambaye hajaona nakala ya kwanza alirudishe kwa Kiingereza. Pale tafsiri mbili zinapoachana ndipo swali linapoyumba. Fanya hivyohivyo kwa Runyankole, Acholi, Lugbara au Kiswahili.

Uliza mambo ambayo mtu anaweza kuyakumbuka. "Mwezi uliopita ulipoteza nyanya kiasi gani?" italeta makisio. "Boksi la mwisho ulilomaliza, zipi ulitupa, zipi uliuza kwa bei ya kutupa?" italeta jibu. Tena tofautisha kilichotupwa na kilichouzwa kwa hasara, maana nyanya laini zina wateja wake na wauzaji hawazihesabu kuwa zimeharibika. Kwa wauzaji wachache walioridhia, nenda na mizani siku kadhaa mfululizo upime mwenyewe, halafu linganisha na walichosema. Sehemu hiyo moja itaipandisha tasnifu yako juu ya nyingi zinazotegemea kumbukumbu tupu.

Jaribu dodoso kwenye soko jingine, mathalani Kasubi, kwa watu kama kumi ambao hawatakuwa kwenye sampuli. Pima muda. Likizidi nusu saa, kata. Kama una maswali ya ngazi za "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa" yanayopima jambo moja, hapo ndipo kipimo cha Cronbach, kinachoonyesha kama maswali hayo yanakwenda pamoja, kinapohusika, na 0.7 kwenda juu huhesabiwa kuwa kinafaa. Maswali ya umri, bei na kilo hayapimwi kwa Cronbach, hata kama umeona wenzako wakifanya hivyo.

Hatua ya 8: Uwandani

Asubuhi magari yanaposhusha mzigo hakuna mwenye nafasi nawe. Ngoja mchana soko linapotulia. Anza kwa salamu kamili, kwa "nnyabo" (mama) na "ssebo" (bwana), uliza habari za nyumbani na za biashara, halafu ndipo useme shida yako. Vaa kitambulisho cha chuo mahali kinapoonekana. Mtu mwenye karatasi sokoni hudhaniwa ni wa kodi au wa manispaa, na huyo hupewa majibu ya kumwondoa. Mjini Kampala na vijiji vya Buganda, ndugu zangu tunaotoka Kenya na Tanzania, tusianze na Kiswahili kwa mtu tusiyemjua. Wazee wengi walikisikia kwanza kwa askari, katika miaka ambayo askari kufika mlangoni halikuwa jambo la heri. Nenda na mwenzako anayezungumza Luganda, umlipe posho, na umfundishe asiongeze maneno yake. Arua, Kyangwali au Nakivale hali ni tofauti, na Kiswahili chako kitakufungulia milango.

Watakuuliza watapata nini. Sema ukweli: hawatapata fedha wala mkopo, lakini utarudi na matokeo. Ahadi ya uongo moja humharibia mwanafunzi wa mwakani.

KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso, hufanya kazi kwenye simu hata pasipo intaneti. Unajaza, kisha unatuma ukifika penye mtandao. Ukitumia karatasi, zikague kila jioni kabla ya kulala, kwa sababu pengo la leo linazibika kesho na halitazibika baada ya mwezi. Yape madodoso namba, majina yabaki kwenye daftari lililofungiwa. Andika pia kumbukumbu za siku: ulichokiona, aliyekataa na sababu yake, mvua, mgomo, bei iliyoruka ghafla. Viungo wanavyotumiana watu WhatsApp vinafaa kwa wanafunzi wenzako. Kwa wauzaji wa sokoni vitawaacha nje wasio na simu janja, na hao huenda ndio wanaopoteza zaidi.

Kuhusu kujijazia madodoso chumbani, kule kwenye hosteli za Kikoni au Banda, nasema wazi: huo ni uongo dhidi ya watu ambao hali yao unadai kuieleza. Pia huonekana. Majibu ya kubuni hufanana mno, hayana "sijui", hayana aliyekataa, na anayeyatetea hawezi kusimulia hata kisa kimoja cha sokoni.

Hatua ya 9: Data

Kabla ya kuingiza chochote, tunga ufunguo: 1 ni mwanamke, 2 ni mwanamume, 99 hakujibu. Ingiza, kisha chagua madodoso kadhaa bila mpango uyalinganishe na ulichoingiza. Tafuta yasiyowezekana, kama muuzaji mwenye umri wa miaka 230 au aliyepoteza kilo nyingi kuliko alizonunua. Weka nakala ya data ghafi ambayo hutaigusa tena, na nakala nyingine mtandaoni na kwenye flashi. Kompyuta huibwa mabwenini kila muhula.

Programu za kuchambua data kama SPSS, Stata, R au hata Excel zitatosha. Usitafute jaribio la kitakwimu la kumvutia mtahini, tafuta linalolingana na lengo. Kwa upotevu, wachache watakuwa wamepoteza karibu boksi zima na watavuta wastani juu. Ripoti pia thamani ya katikati, ile inayowagawa wauzaji nusu juu na nusu chini. Ukilinganisha makundi kwa jaribio la kai-mraba, linaloangalia kama tofauti kati yao ni ya bahati tu, kumbuka kwamba kwa watu 93 huenda baadhi ya visanduku vya jedwali vikawa na idadi inayotarajiwa ya chini ya 5, na hapo matokeo hayatategemewa. Unganisha makundi kwa mantiki: madaraja sita ya elimu yawe mawili au matatu.

Mahojiano yanukuu neno kwa neno, yasome mara kadhaa, weka alama penye wazo linalojirudia, kusanya alama ziwe mada, na mwache muuzaji asikike kwa maneno yake pale yanapobeba jambo.

Hatua ya 10: Kuandika

Usianze na ukurasa wa kwanza. Anza na sura ya tatu, ambayo tayari ipo kwenye pendekezo. Igeuze kutoka wakati ujao kwenda uliopita, na urekebishe palipobadilika. Kama ulikusudia 93 ukapata 86, andika 86 na sababu. Kisha nenda sura ya nne, ya tano, rudi ya pili na ya kwanza, na ikisiri iwe ya mwisho.

Sura ya nne inasema ulichokuta, kwa mpangilio wa malengo yako. Kila jedwali litanguliwe na sentensi inayomwambia msomaji aangalie nini, na usirudie kila tarakimu kwa maneno. Sura ya tano inaeleza maana yake: inakubaliana na nani katika yale uliyosoma, inapingana na nani, na kwa nini huenda iko hivyo. Hapo ndipo alama nyingi hupotea, kwa sababu mtu amechoka na anakimbilia mwisho. Ipe wiki nzima.

Mapendekezo yatoke kwenye matokeo na yaelekezwe kwa mtu mwenye uwezo wa kuyatekeleza. "Serikali iongeze uhamasishaji" halimfikii mtu yeyote. Kama data yako imeonyesha kwamba mzigo unaoshushwa juani ndio unaoharibika zaidi, basi uambie uongozi wa soko kuhusu kivuli penye kushushia. Kama haikuonyesha hivyo, usiliseme.

Vyuo hupitisha tasnifu kwenye Turnitin au programu nyingine ya kutambua maandishi yaliyonakiliwa. Kubadilisha maneno mawili matatu ya aya ya mtu bado ni wizi. Funga andiko, eleza wazo kwa maneno yako, kisha taja chanzo. Programu za akili mnemba hubuni marejeleo yenye majina na miaka inayoaminika, na mtahini akitafuta moja tu asilipate, ataitilia shaka kazi nzima. Usiweke rejeleo ambalo hujalifungua mwenyewe, na uliza idara inaruhusu matumizi gani ya programu hizo.

Hatua ya 11: Kutetea, kusahihisha, kuwasilisha

Jopo likikuita, watauliza kwa nini mahali hapo, kwa nini idadi hiyo, ulifanya nini na waliokataa, matokeo yanawahusu wauzaji wa masoko mengine au la, na ungeanza upya ungebadilisha nini. Jizoeze kujibu kwa sauti mbele ya rafiki wa fani nyingine. Swali usilolijua, sema kwamba data yako haikulifikia. Hilo ni jibu halali.

Ukishasahihisha, geuza faili kuwa PDF kabla ya kwenda kuchapa Wandegeya, maana Word ikifunguliwa kwenye kompyuta ya duka huhamisha majedwali na namba za kurasa. Kagua nakala moja ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuruhusu nyingine zijalidiwe: yaliyomo yalingane na kurasa, viambatisho viwepo vyote pamoja na barua ya utambulisho na dodoso la Luganda, jina na mwaka kwenye mgongo wa jalada viwe sahihi. Saini tamko lako na upate saini ya msimamizi. Kama anasafiri mara kwa mara, panga siku hiyo naye mapema.

Andika ukurasa mmoja wa matokeo kwa Luganda rahisi, uupeleke Kalerwe kwa uongozi wa soko na kwa wale uliowapimia nyanya. Idarani, kabidhi nakala zinazotakiwa na faili la hazina ya maktaba, jina lako liandikwe kwenye daftari la mapokezi mbele yako, na uipige picha saini ya aliyepokea.